Laptopu ya mtumba inayogeuka tableti: ikague hivi kabla hujatoa hela

Ukisimama dakika mbili mbele ya duka la kompyuta Kariakoo, winga, kijana anayewaleta wateja madukani, ameshakufikia. "Bosi wangu, njoo uone x360, imetoka UK, haina hata mkwaruzo." Ataifungua, atakizungusha kioo mpaka kigusane na mgongo wake, atakupa uishike kama tableti. Hapo ndipo wengi tunaponasa. Mimi nilinasa: nikalipa, nikapanda mwendokasi, nikaiwasha nikiwa nimekaa, na kabla sijafika Kimara chaji ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 80 hadi 30. Nilikuwa nimenunua mzunguko, sikununua mashine ya kubeba.

Laptopu hizi huandikwa "imekarabatiwa". Kwa maana yake halisi, kuna fundi aliyeifungua, akaisafisha, akapima kila kifaa na kubadilisha kilichochoka. Nyingi za huku kwetu zimefutwa data, zikapigwa Windows upya na kupanguswa kwa kitambaa, basi. Kwa hiyo neno hilo lisikupe usingizi. Ukaguzi utaufanya mwenyewe, palepale dukani, kabla hela haijatoka mfukoni.

Hatua ya 1: Utaigeuza kufanya nini?

Jibu swali hili ukiwa bado nyumbani. Mimi nafundisha tuisheni ya hisabati, nazunguka kwa wanafunzi. Naandika kwa kalamu juu ya kioo, mtoto anaona hesabu inavyokwenda mstari kwa mstari, na jioni namtumia kurasa zilezile. Kwangu kugeuza ni kazi ya kila siku. Rafiki yangu mhasibu alinunua ya aina hiyohiyo, na mwaka mzima aliigeuza mara moja, siku aliyotaka kutuonyesha kwamba inageuka.

Kugeuka kuna gharama zake. Bawaba zinafanya kazi kubwa zaidi, kioo cha kugusa kinang'aa juani na ni ghali kikivunjika, na mara nyingi RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, haiongezeki. Kama maisha yako ni Excel na barua pepe, hela hiyohiyo itakupatia laptopu ya kawaida yenye nguvu kuliko hii. Kama unaandika kwa mkono, unachora, unasoma PDF ndefu umeisimamisha wima kama kitabu, au unamfuata mteja dukani kwake ili asaini, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Ijue familia yake

Za mtumba zinazogeuka zimegawanyika makundi matatu, na kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani kwamba ndogo ndiyo nyepesi.

Kundi la kwanza ni za shule, zenye kioo cha inchi 11.6: HP ProBook x360 11 EE, Lenovo ThinkPad Yoga 11e, Dell Latitude 3190 ile ya kugeuka. Zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo kingo zake ni nene na zinavumilia kuangushwa. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nyingi ni Celeron au Pentium za nguvu ndogo, RAM mara nyingi ni GB 4, na kioo ni cha 1366 kwa 768. Ni mashine za kuandika na kusoma. Ukizifungulia vichupo kumi na tano vya intaneti zinaanza kukwama.

Kundi la pili ni za maofisa: HP EliteBook x360 1030, Lenovo ThinkPad X1 Yoga, Dell Latitude 7390 ya kugeuka. Hizi ndizo zilizokuwa ghali zilipokuwa mpya. Sasa linganisha uzito. ProBook x360 11 G1 ya shule ina takribani kilo 1.45. EliteBook x360 1030 G3, yenye kioo kikubwa cha inchi 13.3, inaanzia kilo 1.25. Kubwa ni nyepesi kuliko ndogo! Gramu mia mbili zinaonekana si kitu ukiwa umesimama dukani, lakini ishike kwa mkono mmoja dakika kumi ukiandika kwa mwingine, ndipo utajua.

Ubaya wa kundi hili ni kwamba RAM zake zimechomelewa kwenye bodi mama. Ukinunua ya GB 4 utazeeka nayo ikiwa GB 4. Chukua ya 8 au zaidi, na usikubali maneno ya "fundi atakuongezea".

Kundi la tatu ni zile za kuchomoa kibodi, Microsoft Surface Pro na ndugu zake. Kama tableti hazina mpinzani katika hizi tatu. Ila kwenye mapaja zinayumba, kibodi huuzwa peke yake, na betri imegandishwa kwa gundi nyuma ya kioo, hivyo kuibadilisha ni sawa na kufanyiwa upasuaji. Surface Pro 4 tena ilikuwa na ugonjwa wa kioo kutetemeka. Microsoft walikiri mwaka 2018 na kuzibadilisha bure zile ambazo hazijatimiza miaka 3. Zilizopo sokoni leo zimeshapitwa na huruma hiyo.

Hatua ya 3: Soma namba ya prosesa

Usiridhike na "ni Core i5". Tazama tarakimu zinazofuata kistari. i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni kizazi cha 8. EliteBook x360 1030 G2 na G3 zimesimama katika pande mbili za mstari unaotenganisha vizazi hivyo, na mtu asiyezizoea anaweza kuuziwa moja kwa bei ya nyingine.

Mstari wenyewe ndio huu: Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zao inataka, kwa prosesa za Intel za laptopu hizi, kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji anaweza kuilazimisha iingie kwenye kizazi cha 7, na itawaka, ila Microsoft hawakuahidi kwamba masasisho ya usalama yataendelea kuja. Kwa zile za shule, prosesa za N4000, N4100 na N5000 zimo kwenye orodha ya Windows 11. N3350 na N4200 hazimo. Namba hizo ziandike kwenye simu yako kabla ya kutoka.

Je, ya kizazi cha 7 ni takataka? Hapana. Ukiwa mtu wa Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, ni mali safi, na ndiyo sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei.

Hatua ya 4: Nenda mchana, nenda na vitu vyako

Beba simu yenye bando, flashi, spika za masikioni, na chaja ya USB-C ya wati 65 kama kuna mtu wa kukuazima. Usiende saa kumi na moja jioni ukiwa na haraka ya daladala. Ukaguzi wa kweli unakula zaidi ya saa moja, na muuzaji anayekunyima saa hiyo ameshakujibu.

Hatua ya 5: Bawaba kwanza

Watu huanza kuuliza RAM na diski. Anza na bawaba, au hinji kama mafundi wanavyosema, kwa sababu diski unaibadilisha kwa bisibisi, ila bawaba iliyong'oa kishikio chake kwenye ganda inakupeleka kununua ganda zima.

Fungua taratibu huku umeinamisha sikio. Mlio wa "tak" katikati ya mzunguko si wa kawaida. Tazama kona mbili za nyuma wakati kioo kinapita nyuzi 90. Kama plastiki inaachana, yaani unaona mwanya unafunguka na kufunga, skrubu za ndani zimeshachomoka. Endelea mpaka nyuzi 360, halafu ilaze mezani kama tableti na ubonyeze pembe zote nne. Isicheze.

Kisha isimamishe kama hema, kioo kikikutazama na kingo mbili zikiwa chini, uiache dakika mbili. Ikiteleza na kujifungua yenyewe, bawaba zimelegea. Kulegea peke yake si msiba, kwa kuwa nyingi zina nati ambayo fundi anaikaza. Ngumu kupita kiasi ndiyo mbaya, kwani kila unapoifungua nguvu yote inakwenda kwenye vishikio.

Wakati wote huo macho yawe kwenye picha. Waya wa kioo hupita ndani au kando ya bawaba, nao huchoka kwa kukunjwa. Picha ikikatika, ikipiga mistari au ikibadilika rangi kwenye pembe fulani tu, waya unakufa. Muuzaji atakwambia ni "settings". Mwache aseme.

Ukishavuka nyuzi 180 hivi, kibodi inatakiwa ijizime na picha igeuke kufuata unavyoishika. Bonyeza herufi kadhaa kwa nyuma. Zikiandika, kihisi hakifanyi kazi, na kila utakaposhika tableti yako vidole vitakuwa vinafuta kazi yako.

Hatua ya 6: Kioo, kidole, kalamu

Fungua Paint, chagua brashi nyembamba, chora mistari kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, karibu karibu, mpaka ujaze kioo chote. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, sehemu hiyo imekufa. Halafu ondoa mkono na uiache tu. Vitu vikianza kufunguka vyenyewe kama vile kuna jini, chomoa chaja uangalie tena. Chaja bandia huleta vurugu hiyo, na hapo ni bora, maana chaja inabadilishwa. Vurugu ikiendelea bila chaja, rudisha mashine kwenye rafu.

Kuhusu kalamu: hazifanani lugha. Ya Surface haiandiki kwenye ThinkPad X1 Yoga hata kama zote zinaitwa kalamu za kidijitali. Kama kalamu haipo, uliza bei ya ile inayoendana na modeli hiyohiyo kabla hujakubaliana lolote, kwa sababu ndiyo iliyokuleta. X1 Yoga ina tundu la kuhifadhi kalamu ubavuni, na mara nyingi tundu ni tupu. Ikiwepo, andika sentensi mbili ukiwa umeegemeza kiganja juu ya kioo. Kiganja kisichore.

Sasa itoe nje mlangoni, juani. Jua la Dar saa saba mchana ndilo mwamuzi. Zile za shule zina mwanga hafifu, na juani utajiona uso wako badala ya maandishi. Baadhi ya EliteBook zina kioo cha faragha kiitwacho Sure View, ambacho ukikaa pembeni huoni kitu. Kwa mtu wa benki ni kizuri. Kwa mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi aliyekaa ubavuni ni adhabu, hata kikiwa kimezimwa rangi zake huwa dhaifu kidogo. Alama ya kukitambua iko kwenye kitufe cha F2.

Hatua ya 7: Betri, kwa hesabu si kwa maneno

Swali la "inakaa na chaji masaa mangapi?" halina maana Kariakoo, jibu ni "matano" daima. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili ambalo itakuonyesha limehifadhiwa wapi. Tafuta mistari miwili: "Design capacity", uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo iliobaki nao.

Tuseme ya kwanza ni 57,000 na ya pili ni 34,000. Gawanya: imebaki asilimia 60. Namba hizo ni miliwati-saa, kwa hiyo una wati-saa 34. Laptopu ya aina hii ukiandika na kusoma mtandaoni hula wati 10 hivi. 34 gawanya kwa 10, saa tatu na dakika ishirini na kitu. Hiyo ndiyo betri yako. Ukifungua video na mwanga juu kabisa, punguza.

Ripoti nayo inadanganywa. Betri bandia mpya huandika namba nzuri sana. Dawa yake ni saa ya ukutani: chomoa chaja, weka video, mwanga nusu, subiri dakika 20. Ikishuka asilimia 10, chaji nzima ni dakika 200. Ikishuka asilimia 10 kisha ghafla 15 nyingine kwa mkupuo, hiyo ndiyo iliyonikuta mimi njiani kwenda Kimara.

Halafu ifunge, iweke mezani, inama uitazame ubavu. Betri iliyovimba huinua tachipedi, inaifanya isibonyezeke, au inauacha mfuniko wa chini umetuna kama andazi. Hiyo usiinunue hata kwa nusu bei, na usikubali kuibeba ndani ya begi kwenye basi.

Upande wa chaja una neema yake. Nyingi za kundi la pili huchaji kwa USB-C, kwa hiyo chaja moja inatosha simu na laptopu, na pawabenki yenye uwezo wa kutoa volti 20 kwa USB-C inakuvusha umeme ukikatika. Jaribu kila tundu la USB-C na utikise waya kidogo. Tundu lililolegea ni ugonjwa wa kawaida. Chaja iliyotoka Uingereza ina plagi yenye pini tatu za mstatili kama zetu, inaingia ukutani bila adapta. Kibodi nayo inasema ilikotoka: alama ya pauni juu ya 3 ni Uingereza, Z na Y zikibadilishana ni Ujerumani. Kama unaandika bila kutazama vidole, ya Kijerumani itakutesa.

Hatua ya 8: Hakikisha haina mwenyewe

Hii wengi hawaijui, na ndiyo inayouma kuliko zote. Laptopu za ofisi na shule husajiliwa kwenye mifumo ya kuzisimamia kwa mbali. Kampuni ikiziuza bila kuziondoa kwenye usajili, mashine bado inamtambua mwenye mali. Muuzaji anapiga Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana safi. Wiki mbili baadaye wewe unaifuta uanze upya, unaunganisha waifai, na ukurasa unakuja: karibu kwenye kampuni fulani ya Ulaya, ingiza barua pepe yako ya kazini. Jirani yangu yalimkuta hayo. Duka lilimwambia warantii ilikuwa ya siku saba.

Fanya hivi. Iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kufungua BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri, waambie waliondoe mbele yako au uache. Ndani ya BIOS tafuta neno Absolute au Computrace, mfumo wa kuifuatilia mashine kwa mbali. Likiwa limewashwa, ulizia, na kama hakuna jibu la kueleweka, ondoka. Mwisho, omba waifute kwa "Reset this PC", ukachukue chipsi mayai, urudi. Inapoanza upya iunganishe na simu yako palepale. Ikikuuliza nchi, kibodi na akaunti yako binafsi, iko huru. Ikikutajia jina la shirika, ni ya watu.

Hatua ya 9: Bei

Bei ya kwenye rafu si bei ya mashine. Chukua karatasi: bei waliyokutajia, jumlisha betri mpya kama iliyopo iko chini ya asilimia 60, jumlisha kalamu, jumlisha chaja halisi. Jumla hiyo ndiyo unayoilinganisha na laptopu nyingine. Mashine ya 550,000 inayodai betri na kalamu inaweza kuizidi ya 680,000 iliyokamilika, na ya kwanza itakupotezea na siku mbili kwa fundi.

Ukiwa na winga, jua kuna cha juu chake ndani ya bei. Si dhambi, kijana anatafuta riziki, na winga mzuri anakuonyesha maduka matano kwa nusu saa. Ila ukishaliona duka, rudi kesho yake peke yako uulize bei. Na kasoro ulizozipata ziseme kwa namba: "imebaki asilimia 60" inashusha bei kuliko "betri naona kama mbovu".

Kama unanunua Tanzania dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na warantii iandikwe kwa mkono: siku ngapi, inahusu nini, kama betri na kioo vimo. Namba ya mashine iliyo chini ya laptopu ifanane na ile iliyo ndani ya BIOS, na hiyohiyo iandikwe kwenye risiti. Zikitofautiana, bodi na ganda havikuzaliwa pamoja.

Ndani ya siku hizo za warantii itumie kweli. Ibebe kwenye daladala, igeuze mara ishirini kwa siku, iache inachaji usiku, andika nayo kurasa. Bawaba ya kuvunjika ivunjike Jumanne hii, duka likiwa bado linakumbuka sura yako.